Baa Isiyouza Krispi

Mwanangu alitaka krispi, na yote yalianzia hapo. Tulikuwa tumesimama mbele ya kaunta, chini ya dari la magogo meusi, katika kijiji cha Bretforton kilichoko Worcestershire, kusini mwa Birmingham. Mtoto alikuwa amekwisha kuzoea kwamba katika kila baa ya Uingereza, wakubwa wakiagiza bia na wadogo wakiagiza maji ya matunda, hapakosi pakiti za krispi za viazi zilizopangwa nyuma ya muuzaji. Dada aliyekuwa akihudumia alitabasamu; bila shaka alikwisha kuulizwa swali hilo mara nyingi. Akatueleza kwamba katika nyumba hii krispi haziuzwi, kwa sababu mwenye nyumba alizikataza.

"Yuko wapi mwenye nyumba?" mtoto akauliza.

"Alifariki mwaka 1977."

Mwenzangu wa kazini, aliyetualika siku ile, alicheka. Mimi sikucheka. Niliichukua sahani yangu ya asparagasi, ile mboga ya machipukizi marefu ya kijani, nikaenda bustanini, na tangu hapo neno la marehemu yule limekuwa likinirudia nikiwa ndani ya basi, nikiwa jikoni, hata nikiwa katika mikutano ambayo inanitaka nifikiri mambo mengine. Mtu anakufa, nyumba yake inabaki wazi kwa kila mpita njia, na karibu nusu karne baadaye bado anaamua mtoto wa mgeni atafune nini.

## Nyumba ya ukoo mmoja

Nyumba hiyo inaitwa The Fleece Inn. Ilijengwa katika karne ya 15, wala haikujengwa kuwa baa: ilikuwa nyumba ndefu ya mkulima, ambamo watu na mifugo waliishi chini ya paa moja la mabua. Ukoo wa Byrd uliikalia kizazi baada ya kizazi, hadi mwaka 1848 mmoja wao, Henry Byrd, alipopata kibali cha kuuza vileo humo. Haikutoka mikononi mwa uzao ule. Wa mwisho kuimiliki alikuwa Lola Taplin, mwanamke aliyeiendesha kwa miaka mingi, na ambaye inasimuliwa kwamba alifia humo humo, mbele ya moto. Alipofariki aliirithisha National Trust, asasi inayohifadhi majumba ya kale na mandhari za Uingereza. Masimulizi yanasema aliagiza nyumba ibaki baa ya kijiji kama alivyoiacha, na kwamba krispi zisiuzwe humo kamwe.

Ndani mna vyumba vitatu vyenye majina yao: Brewhouse, Dugout na Pewter Room. Katika hicho cha tatu kuna kabati lililojaa vyombo vya bati vya karne ya 17, ambavyo wenyeji hupenda kusema kwamba Oliver Cromwell, jemadari wa jeshi la Bunge, aliviacha hapo alipokuwa akielekea vitani Worcester mwaka 1651, akachukua vya fedha badala yake. Ni hadithi tu, na hata wanaoisimulia wanajua hivyo. Kilichonivutia mimi kilikuwa sakafuni. Mbele ya meko pamechorwa miduara kwa chaki nyeupe, ambayo tangu zamani iliaminiwa kuwazuia wachawi wasishuke kupitia dohani, na ambayo huchorwa upya kila inapofifia.

Bibi yangu mzaa baba, aliyeishi na kufa Tanga, asingehitaji kuelezwa lolote hapo. Angetazama ile miduara, angetikisa kichwa, na angesema kwamba nyumba imezindikwa.

## Swali la mama

Jioni ile nilimpigia mama simu, nikamwamkia, nikamsimulia tulikokwenda. Nilijua atakachoanza nacho.

"Baa tena, mwanangu? Na mtoto?"

"Tulikaa bustanini, mama. Tulikwenda kula."

Akanyamaza kidogo, kisha akauliza swali ambalo halikuwa limenijia kabisa. "Na huyo bibi, hakuwa na ndugu?"

Katika sheria ya mirathi ya Kiislamu tuliyolelewa nayo, mtu hana mamlaka ya kuusia zaidi ya theluthi moja ya mali yake. Theluthi mbili ni za warithi, naye hana la kusema juu yake. Sheria ya Uingereza humpa mtu uhuru mpana zaidi: aweza kuiacha nyumba ya mababu kwa asasi na kuweka masharti, na mahakama itaheshimu kauli yake isipokuwa mtu aliyemtegemea ajitokeze kudai. Mama aliona katika habari ile mwanamke aliyeutoa urithi nje ya damu yake. Mimi nilikuwa nimeona mwanamke aliyeukinga urithi usigawanywe, usiuzwe na usigeuzwe makazi ya kifahari ya mtu wa mjini. Tulikuwa tunazungumzia tendo lile lile.

Ndipo nilipoanza kulifikiria jambo hili kama wakfu.

Najua baadhi ya wasomaji watanuna. Wakfu huwekwa kwa jambo la kheri, kama msikiti, kisima, chuo au makaburi, na hakuna mwanazuoni atakayekubali kwamba nyumba ya kuuzia pombe yaweza kuwekwa wakfu. Sitetei hilo. Nasema tu kwamba umbo la tendo lenyewe linafanana: mali inaondolewa sokoni, msimamizi anateuliwa, manufaa yanaachiwa watu wasiojulikana ambao bado hawajazaliwa, na sharti la mtoaji linabaki kuwa sheria juu ya msimamizi. National Trust ilianzishwa mwaka 1895, na sheria ya Bunge ya mwaka 1907 iliipa uwezo wa kuitangaza mali kuwa isiyouzika wala kuwekwa rehani. Waingereza walifika mahali hapo kwa njia yao wenyewe.

Lakini sisi wa pwani tunajua jambo lingine kuhusu wakfu, jambo ambalo wanaosifu uhifadhi hawalitaji sana. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar zimekuwapo nyumba za wakfu ambazo kodi yake ilikuwa ndogo mno kuweza kulipia boriti, chokaa na mafundi, zikachakaa huku nia njema ya aliyeziweka ikiwa haijaguswa. Wasia hauna uwezo wa kuezeka paa, na paa la mabua ya ngano kama lile la Bretforton ni ghali, huhitaji fundi maalumu, na kila baada ya miongo michache lazima liezekwe upya.

Nani anayelilipia?

## Jiko ndilo linalolipa

Jibu la zamani lilikuwa bia. Mkulima alitoka shambani akanywa, jirani akanywa, na faida ya mapipa ikatosha kwa kuni, kodi na ukarabati. Jibu hilo limekufa karibu kila mahali. Mwaka 2000 Uingereza ilikuwa na baa zaidi ya 60,000. Miaka 20 baadaye zilikuwa zimeshuka chini ya 50,000, na zile za vijijini zilikuwa miongoni mwa zilizoumia zaidi. Bia ya dukani ni rahisi kuliko ya kaunta. Sheria ya ulevi barabarani imemfanya mtu wa kijiji cha jirani akomee glasi moja. Tangu tarehe 1 Julai 2007 kuvuta sigara ndani ya baa za England kumekatazwa, na wavutaji wengi waliona heri wabaki nyumbani.

Baa zilizonusurika, nyingi zimenusurika kwa sababu ya jiko. Mwaka 1991 baa iitwayo The Eagle, katika mtaa wa Farringdon jijini London, ilianza kupika chakula cha hadhi ya mgahawa na kukiuza kwenye meza zile zile chakavu za wanywaji, na baada ya hapo mtindo ukaenea nchi nzima hadi vijijini. Katika zama za Lola Taplin, baa nyingi za mashambani hazikuwa na menyu hata kidogo. Ukibahatika ulipata mkate, jibini na achari. Leo mtu huendesha gari kilomita 50 ili ale nyama ya kuoka ya Jumapili pamoja na viazi na mchuzi mzito, na anaweza asiguse pombe kabisa.

Mimi ni mmoja wao. Niliuliza kama chipsi hukaangwa kwa mafuta ya ng'ombe, nikaulizia samaki, mwishowe nikaridhika na asparagasi zilizochemshwa kidogo na kumwagiwa siagi, na sioni aibu kusema kwamba niliongeza sahani ya pili. Kabla ya hapo nilikuwa nikiichukulia asparagasi kuwa chakula cha kupambia harusi za watu wenye uwezo. Ile ya Evesham, bonde ambamo Bretforton imo, ikikatwa asubuhi na kuliwa mchana, ina utamu wa mahindi mabichi, na haihitaji mpishi bingwa ila tu mtu anayejua wakati wa kuiepua.

Hapa ndipo shaka yangu ilipokuwa nzito zaidi. Masimulizi ya wasia yanataja krispi, hayataji jiko. Ikiwa alichotaka marehemu ni baa ya kijiji ibaki kama ilivyokuwa, basi sisi tuliokuja na magari na kuulizia mafuta ya kukaangia ndio tulioibadilisha. Katazo dogo limetunzwa kwa uaminifu, huku jambo kubwa, yaani ni nani anayeketi humo na anafanya nini, likiwa limegeuka kabisa. Kwa muda niliona hili kuwa unafiki wa kistaarabu.

Sasa silioni hivyo, na kilichonibadilisha ni bustani.

## Watoto walikokaa

Nyuma ya nyumba kuna bustani ya miti ya matunda, meza za mbao juu ya majani, na ghala la kale la mbao ambamo leo hufanyika sherehe. Ni mahali pazuri sana, na kwa mtazamo wa haraka mtu angedhani pametengenezwa kwa ajili ya watalii. Nilipokuwa nikisoma kuhusu historia ya baa za nchi hii nilikuta sababu nyingine ya bustani za namna hiyo kuwa muhimu. Sheria ya watoto ya mwaka 1908 ilipiga marufuku mtoto wa chini ya miaka 14 kuingia kwenye chumba cha kuuzia vileo. Haikukataza bustani. Basi baba aliyetaka kunywa bila kuiacha familia nyumbani aliikalisha nje, na mwenye baa mwenye akili akaweka benchi, akapanda maua, akaongeza chai na keki. Baina ya vita vikuu viwili wapo wenye viwanda vya bia waliojenga baa mpya zenye bustani kubwa makusudi, wakijaribu kuwaonyesha wapinga pombe kwamba baa yaweza kuwa mahali pa familia.

Kwa hiyo bustani ilikuwa sehemu ya waliozuiwa mlangoni. Wake wengi ambao hawakupenda kukaa katikati ya moshi na kelele za wanaume walikaa huko pamoja na watoto. Leo sheria imelegea. Chini ya sheria ya vileo ya mwaka 2003 mtoto aweza kuingia baa nyingi akiwa na mtu mzima. Hata hivyo sisi tulielekea nje bila kuambiwa, nami nilijua kwa nini: ndani ningekuwa Mwislamu ndani ya baa, nje nilikuwa mzazi aliyekaa chini ya mti.

Nikaona kwamba waliokuja kula hawakuivamia nyumba ile kutoka pembeni. Wamepita kwenye mlango uliofunguliwa zaidi ya miaka mia moja iliyopita na sheria iliyokusudia kufunga. Nyumba za aina hii zimekuwa zikijitafutia riziki kila kizazi kwa namna ambayo kizazi kilichotangulia kisingeitambua. Hii ya Bretforton ilianza kama nyumba ya mkulima na mifugo yake. Yule Henry Byrd wa mwaka 1848, mbele ya macho ya babu zake wakulima, hakuwa mhifadhi. Alikuwa mtu aliyegeuza nyumba ya baba kuwa kilabu.

Sijui babu hao wangesema nini, lakini nina uhakika wangekuwa na la kusema.

## Moto

Mwezi Februari 2004 paa la Fleece liliwaka. Mabua makavu yakishika moto huwa hayana huruma, na sehemu ya juu ya nyumba iliteketea. Watu walibeba nje vile vyombo vya bati na samani, vikapita mkono kwa mkono, na wazima moto wakaokoa vyumba vya chini. Nyumba ilijengwa upya kwa uangalifu na kufunguliwa tena mwaka 2005.

Nilisimama chini ya paa hilo bila kujua kwamba umri wake ni mdogo kuliko wangu kwa mbali. Ningefurahi kidogo kama ningejua? Pengine. Kuna mtu wa uhifadhi ndani ya kila mgeni, anayetaka kila boriti iwe ya kale kama ilivyotangazwa. Lakini paa la mabua halijawahi kuwa la kale. Limekuwa likivuliwa na kuvikwa upya tangu karne ya 15, na moto uliharakisha tu kazi ambayo mafundi wangeifanya polepole.

Thamani ya kuwa na msimamizi inaonekana unapoutazama moto mwingine. Tarehe 5 Agosti 2023 baa ya Crooked House huko Himley, Staffordshire, maarufu kwa kuta zake zilizopinda kutokana na machimbo ya makaa ya mawe chini yake, iliungua wiki chache tu baada ya kuuzwa. Tarehe 7 kilichobaki kilikuwa kimebomolewa kwa mashine bila idhini, na mwaka 2024 halmashauri ya eneo ikatoa amri ijengwe upya. Watu walilia, wakaokota matofali, wakaandamana. Hapakuwa na wasia. Palikuwa na soko tu, nalo halina kumbukumbu ya mahali mtu alipomposea mkewe.

Nilipolinganisha mioto hii miwili nililiona swali la mama kwa upande mwingine. Ndugu, kama wapo, wangeweza kuitunza; pia wangeweza kuiuza kabla matanga hayajaisha, na hakuna ambaye angewalaumu. Lola Taplin hakuichagua asasi kwa sababu inapenda baa. Aliichagua, nadhani, kwa sababu haifi.

## Waliokata asparagasi

Kuna jambo moja ambalo bado silimalizi.

Katika bonde la Evesham msimu wa asparagasi huanza rasmi tarehe 23 Aprili, siku ya Mtakatifu George, na kwa desturi humalizika siku ya kati ya majira ya joto, tarehe 21 Juni. Baadaye mimea huachwa ikue ili mizizi ijenge nguvu za mwaka unaofuata. Kila chipukizi hukatwa kwa kisu na kwa mkono, kwa sababu hayarefuki kwa pamoja: hili liko tayari leo, lililo jirani yake ni la kesho, na siku ya joto yanaweza kuongezeka sentimita kadhaa kati ya asubuhi na jioni. Mtu huinama, hukata, hupiga hatua, huinama tena, tangu alfajiri. Mwishoni mwa Mei, katika uwanja wa Fleece, vicha vya asparagasi vilivyofungwa kwa vijiti vya mti wa mwerebi huuzwa kwa mnada kwa bei isiyokaribiana kabisa na ya dukani, na fedha huenda kwa bendi ya matarumbeta ya kijiji. Ni desturi nzuri, yenye mzaha ndani yake, na wanunuzi wanajua kwamba wanatoa sadaka kwa kisingizio cha mboga.

Lakini wanaoinama mashambani, kwa miaka mingi sasa, wengi si watu wa bonde lile. Walikuwa Wapolandi, kisha Waromania na Wabulgaria. Baada ya Uingereza kuanzisha viza ya wafanyakazi wa msimu mwaka 2019 na kujitoa katika Umoja wa Ulaya mwaka 2020, wamezidi kutoka Asia ya Kati, kutoka Kirgizia, Tajikistan na Uzbekistan. Wengi wao hukaa katika nyumba za magurudumu pembeni mwa mashamba, na hurudi kwao msimu ukiisha. Baadhi yao, bila shaka, ni Waislamu ambao wangekaa bustanini kama nilivyokaa mimi, wakaagiza maji ya matunda na kuulizia mafuta ya chipsi.

Sikuwaona siku ile. Huenda ni kwa sababu ilikuwa mchana, nao walikuwa kazini. Huenda ni kwa sababu bei ya sahani moja inakula sehemu kubwa ya ujira wa asubuhi nzima. Mwenzangu aliponiuliza kwenye gari kama nilipapenda, nilimjibu kwamba nimepapenda sana, nikamuuliza kama amewahi kuwaona wakatao asparagasi wakila pale. Alifikiri kwa muda, kisha akasema kwamba huwaona kwenye supamaketi ya Evesham siku za Jumamosi, wakinunua mchele kwa magunia.

Tumekubaliana kurudi kwa mnada wa Mei. Mtoto amekwisha kuanza kuweka akiba, akiamini kwamba pauni zake chache zitampatia kicha kimoja mbele ya wenye makampuni, nami sijamkatisha tamaa. Mimi nimepanga kufika mapema, saa ambayo magari ya mashambani yanaleta mzigo, nizungumze na walioukata.